Taa za kumulika miti usiku: ununue ipi, uiweke wapi, na kwa nini mwembe haumulikwi kama mnazi

Mwaka jana mama mmoja wa Mbweni alinipigia simu, ana mwembe mbele ya baraza, mkubwa, wa miaka mingi, akaniambia fundi mi nimeweka taa ya wati 100 nzima na bado usiku mwembe siuoni, naona taa tu. Nikaenda jioni, shikamoo mama, marahaba baba, tukatoka nje. Nikakuta flad laiti imefungwa kwenye nguzo ya fensi nyuma ya mti inatazama nyumba, yaani ukikaa barazani inakupiga usoni, mti wenyewe uko katikati kama kitu cheusi. Nikaomba tuizime. Tukakaa gizani kama dakika kumi tunaongea habari nyingine kabisa, macho yakazoea, ghafla akasema: "Mbona sasa hivi nauona vizuri kuliko ilivyokuwa inawaka?" Na mwezi wenyewe ulikuwa nusu tu.

Nianzie hapo, maana watu wengi wanaoniuliza habari za taa za miti wanaanza na wati, ngapi zinatosha, mia, mia mbili, wakati tatizo lao liko kwenye macho. Jicho linajipanga kulingana na kitu kinachong'aa kuliko vyote mbele yake. Ukiona taa yenyewe uso kwa uso, mboni inajibana, na kila kitu kingine kinakuwa cheusi, hata kama kimemulikwa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kumulika mti ni kuificha taa. Unatakiwa uone jani lililomulikwa, gome lililomulikwa, ila chanzo cha mwanga usikione kutoka pale unapokaa. Ukifanikiwa hilo peke yake, taa ndogo inatosha sana. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haifiki hata lux moja, lux ndo kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu, na bado ukiwa kijijini unauona mnazi mzima, makuti yake, na kivuli chake chini kwenye mchanga. Pale kwa yule mama mwembe tuliumaliza na taa tatu za wati 7 kila moja. Wati 21 zikafanya kilichoshindikana kwa wati 100.

Sasa boksi la taa. Ukienda Kariakoo utapewa boksi lina namba nyingi na muuzaji anakusomea wati tu, ila wati ni umeme unaoliwa, haikwambii mwanga. Mwanga unaotoka unapimwa kwa lumeni. LED nyingi za siku hizi zinatoa lumeni kama 80 mpaka 120 kwa kila wati moja, kwa hiyo ya wati 7 unategemea lumeni 600 na kitu. Ile balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60 ilikuwa inatoa kama 800, ukiwa unaikumbuka basi hicho ndo kipimo cha kichwani. Kama boksi halina lumeni kabisa mi huwa naliacha, hata kama bei nzuri.

Halafu kuna hii ya umbali ambayo inawachanganya wengi. Mwanga ukisogezwa mbali haupungui kidogo kidogo kama unavyodhani, unaporomoka. Ukirudisha taa nyuma mara mbili ya ilipokuwa, mwanga unaofika kwenye jani unabaki robo. Mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Ndo maana flad laiti iliyofungwa ukutani kwenye nyumba, mita 15 kutoka kwenye mti, inakula umeme mwingi, inamulika nyasi na gari na paka na ukuta wa jirani, mti wenyewe unapata makombo. Taa ndogo iliyochomekwa ardhini mita moja na nusu kutoka kwenye shina inafanya kazi zaidi yake kwa sababu iko karibu. Na kuna ubaya mwingine wa taa ya ukutani, inamulika mti kutoka upande uleule unaoutazamia wewe, vivuli vyote vinaangukia nyuma usikoona, mti unakuwa bapa kama picha ya pasipoti.

Namba ya tatu kwenye boksi, na mi naiona ndo muhimu kuliko zote ila hakuna anayeiuliza, ni digrii. Imeandikwa 15°, 24°, 36°, 60°, nyingine 120°. Hiyo ni upana wa mwanga unavyofunguka kutoka kwenye taa. Sina haja ya kukupa hesabu ya shule, shika hivi tu: taa ya digrii 15, upana wa mwanga ni kama robo ya umbali. Ya 24, inapita kidogo sehemu mbili za tano za umbali. Ya 36, ni kama theluthi mbili. Ya 60, upana unazidi umbali wenyewe kidogo. Kwa hiyo taa ya digrii 36 ukiiweka chini na matawi yako mita 6 juu, huko juu inafanya duara la mita 4 hivi. Ya digrii 15 kwa umbali huohuo ni mita moja na nusu. Ile flad laiti ya kawaida inayouzwa kila duka ni digrii 120 au karibu na hapo, inamwaga mwanga kila upande, ni taa ya kumulika uwanja wa magari, kwenye mti inapoteza.

Ukishaielewa digrii ndo unaelewa kwa nini kila mti una taa yake, na hapa nitakaa kidogo maana ndo penye utamu.

Mnazi. Mnazi ni mrefu, mwembamba, kichwa kiko juu kabisa, mita 12, mingine inapita 20. Ukiweka taa pana, mwanga unatawanyika hewani kabla haujafika kwenye makuti. Unataka nyembamba, 15 au 24, unaiweka karibu na shina, nusu mita mpaka mita moja, inatazama juu karibu wima, mwanga unapanda na shina zile pete zake zote zinaonekana mpaka makuti yanashikwa kwa chini. Kwa mnazi wa mita 12, taa ya digrii 15 inakupa duara la mita 3 tu huko juu, unapata moyo wa kichwa na ncha za makuti zinabaki gizani, wengine wanapenda hivyo. Ukitaka kichwa chote, weka mbili za 24 pande mbili tofauti. Sasa, nazi. Nazi kavu na kumbi lake inazidi kilo na inaangukia hapohapo ulipoweka taa, kuti kavu nalo likidondoka linashuka na uzito wake. Minazi ya pwani mingi imeinama, angalia imeinamia wapi, nazi zitaangukia upande huo, taa yako weka upande wa mgongo. Na umwite mkwezi aangue zilizokomaa kabla hujaanza kazi, maana mafundi wenyewe mtakuwa mmeinama chini ya huo mnazi nusu siku mnachimba.

Mwembe ni habari nyingine kabisa. Mwembe ni mzito, majani yamebanana, ya kijani kilichoiva, yanameza mwanga. Ukiumulika kutoka nje unapata mpira wa kijani, ngozi tu, hauna ndani. Mwembe ingia chini yake. Weka taa ndani ya kivuli chake, kati ya shina na pale matone ya mvua yanapodondokea kutoka kwenye ncha za matawi, zitazame juu kwenye matawi makubwa, digrii 36 mpaka 60, na moja ndogo ya kupitisha mwanga kwenye gome la shina. Mwanga unapenya ndani, unaona matawi yanavyojigawa, majani ya nje yanakuwa kama pazia. Mfenesi na mzambarau navifanyia hivyohivyo. Ila usiweke taa zote na nguvu sawa. Upande mmoja uwe mkubwa, mwingine mdogo, ili kuwe na kivuli. Hapo kwa mama wa Mbweni nilikuwa na taa tatu zinazofanana, nikaisogeza moja mbali kidogo na mti, basi, ikawa dhaifu yenyewe bila kununua nyingine.

Mkrismasi, ule wenye maua mekundu mwisho wa mwaka, umekaa kama mwavuli na majani yake ni manyoya manyoya, mwanga unapita. Huu unakubali njia mbili. Ya chini, unamulika mwavuli kwa ndani, na ya juu, unapandisha taa kwenye tawi kubwa mita 6 au zaidi, unaitazamisha chini, majani yanatupa vivuli kwenye nyasi kama mbalamwezi na upepo ukipita vivuli vinacheza. Mi hii ya juu naipenda kuliko zote, nasema wazi, ila ina kazi: fundi apande, taa ifungwe bila kuukaba mti, na siku ikiungua apande tena. Usiufunge mti kwa waya au klipu ya chuma iliyozunguka tawi na kubana, mti unanenepa kila mwaka, ule waya utazama kwenye gome na tawi litakufa kuanzia hapo. Mafundi wa miti wanatumia skrubu chache za chuma kisichoshika kutu na kuiacha taa isimame mbali kidogo na gome, na kila baada ya muda wanazifungua kidogo. Ukiona skrubu inatisha fikiria mti utakavyokuwa na waya shingoni miaka mitano.

Mkungu una matawi ya ngazi ngazi, ghorofa juu ya ghorofa, unatakiwa mwanga wa kutoka pembeni chini ili kila ngazi itupe kivuli kwenye inayofuata. Mvinje uko ufukweni, majani kama nywele, taa moja ya chini inatosha na ukiwa na upepo utakaa kuuangalia. Mwashoki, hii mirefu myembamba inayopandwa kwenye mstari kando ya ukuta, usimulike mmoja mmoja, inachosha macho na mfuko. Mulika ukuta ulioko nyuma yao. Taa inajificha nyuma ya shina, ukuta unang'aa, na mwashoki unabaki umbo jeusi mbele yake, safi sana, na ukuta mweupe wa chokaa ndo unapendeza zaidi.

Mbuyu nauheshimu peke yake. Mbuyu ni shina. Watu wanamulika matawi kule juu wakati uzuri wote uko kwenye ule mwili, mikunjo, mashimo, makovu ya watu kuchuna magome miaka na miaka. Taa iweke chini pembeni, karibu kabisa na shina, mwanga upite ukilikwaruza gome, kila mkunjo utupe kivuli. Ukiumulika kutoka mbele mikunjo yote inapotea. Na matawi yaache gizani, nina sababu: ua la mbuyu linafunguka jioni, linaning'inia kama taa jeupe, na kwetu huku wageni wake wakubwa ni popo wanaokula matunda, ndo wanabeba chavua kutoka mbuyu hadi mbuyu, halafu ua likifika kesho yake limechoka na kuanguka. Usiku mmoja tu ndo linao. Ukilimwagia mwanga mkali usiku huohuo unamfukuza mgeni mlangoni. Ukiona maua yanaanza kuning'inia zima kabisa wiki hizo, utapata na mabuyu.

Rangi ya mwanga. Kwenye boksi imeandikwa 2700K, 3000K, 4000K, 6500K, hiyo K ni kelvini, na inaenda kinyume na unavyofikiri, namba ndogo ndo mwanga wa manjano wa moto wa jikoni, madukani wanaita womu, namba kubwa ni mweupe wa kibuluu wanaita deilaiti. Deilaiti ya 6500 kwenye mti mi naikataa. Majani yanafanana na ya plastiki, gome linakuwa kijivu kama la maiti. Watu wanainunua kwa sababu dukani inaonekana "inawaka sana". Kwa gome, kwa mbuyu, kwa mnazi, kwa mwembe unaochipua (majani mapya ya mwembe yanatoka na rangi ya shaba, umeyaona), chukua 2700 au 3000. Kwa majani ya kijani tupu ambayo womu inayafanya kama yamekauka, 4000 inakubalika, usivuke hapo. Usichanganye rangi mbili kwenye mti mmoja kama hujui unachotafuta. Na kama mti wako una maua mekundu, tafuta kwenye boksi herufi CRI, hiyo inakwambia rangi za vitu zitaonekana kweli kiasi gani, 90 na kuendelea ndo nzuri. Taa nyingi za bei rahisi ni 70 au 80 na kinachopotea kwanza ni nyekundu, mkrismasi wako utaonekana kama umepauka.

Rangi inahusu wadudu pia. Mwanga wenye buluu nyingi unaita wadudu zaidi kuliko wa manjano, kwa hiyo deilaiti ni kama umepiga kengele. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanatoka, usiku huo zima taa zote, zima tu, kesho yake hutafagia mbawa ndoo nzima. Na kuna yule nairobi flai, mdudu mwembamba mwekundu na mweusi, anafuata mwanga kipindi cha mvua, ukimponda kwenye ngozi maji yake yanaunguza na kufanya malengelenge, sasa mtu amekaa barazani chini ya taa anajipiga shingoni, kesho ana kidonda. Mpulize, usimponde, na taa usiiweke juu ya watu wanapokaa. Mbu ni jambo lingine, mbu anafuata zaidi pumzi na harufu ya mwili wako, usiilaumu taa ya mti.

Walio ufukweni nawaomba kitu kimoja kwa dhati. Kama mbele ya nyumba yako kasa wanataga, na wanataga Mafia, wanataga fukwe za kusini mwa Kigamboni, wanataga Watamu kule Kenya, taa ya mti isionekane kabisa kutoka kwenye mchanga. Kasa wadogo wakitoka shimoni usiku wanaelekea kule kunakong'aa zaidi, na tangu zamani kunakong'aa ni baharini. Taa yako ya mnazi inawageuza waje bustanini kwako, wanakauka, wanaliwa na kaa na kunguru asubuhi. Mnazi wa mstari wa mbele usimulikwe. Kama huwezi kabisa bila mwanga, iwe ya rangi ya kahawia kama asali, iwe chini, ifunikwe upande wa bahari, na msimu wa vifaranga uzime.

Umeme sasa, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Bustani ni maji, ni jembe, ni watoto pekupeku. Waya wa volti 230 uliopitishwa juu ya nyasi au umezikwa sentimita kumi bila paipu ni kifo kinachosubiri siku ya kufyeka. Kama unatumia umeme wa kawaida mpaka kwenye mti, waya uwe kwenye paipu, uzikwe nusu mita kwenda chini, na kwenye bodi kuwe na ile breka inayokata umeme ukivuja, RCD ya miliampea 30. Hiyo usiiruke hata kama fundi anakwambia haina haja. Mi nyumbani kwa watu napendekeza transfoma, unashusha umeme kuwa volti 12 au 24 hukohuko karibu na nyumba, waya wa bustanini hata jembe likiukata hauui mtu.

Ila volti 12 ina ugonjwa wake, umeme unachoka njiani. Chukua mfano halisi, taa za jumla wati 60 kwa volti 12, zinavuta ampea 5. Waya wa shaba wa 1.5 (hiyo ni milimita za mraba, unene wa shaba ya ndani) wenye urefu wa mita 20 unapoteza karibu volti 2.4 njiani, taa za mwisho zinabaki na 9.6, zinafifia au zinapepesa, halafu mteja anaambiwa taa ni feki. Ungetumia waya wa 2.5 ungepoteza kama 1.5. Ungechukua transfoma na taa za volti 24, na waya uleule wa 1.5, ungepoteza 1.2 tu kati ya 24 na hakuna jicho litakaloona. Kwa hiyo bustani ndefu, nenda 24 moja kwa moja. Nami nilishauziwa waya umeandikwa 2.5, kuja kuumenya ndani nyuzi za shaba hazifiki nusu ya hapo, plastiki nene tu, tangu siku hiyo nakata kipande kidogo dukani nakiangalia kabla ya kulipa.

Kuchimba mtaro karibu na mti nako kuna adabu yake. Usiuzungushe mtaro kwenye shina kama pete, utakata mizizi yote kwa mkupuo na mti utaanza kukauka juu mwaka unaofuata bila wewe kujua sababu. Chimba ukielekea kwenye shina, kama mshale, mzizi mnene kuliko kidole gumba pitisha waya chini yake.

Taa yenyewe iwe na namba ya IP. IP65 inastahimili vumbi na maji ya mpira, inatosha kwa taa iliyosimama juu ya ardhi. Ya kuzika ardhini iwe IP67, na chini ya shimo lake weka kokoto maji yapite, bila hivyo masika moja tu inageuka bakuli. Walioko karibu na bahari waache aluminiamu ya bei rahisi, chumvi inaila, rangi inavimba, skrubu hazifunguki tena. Shaba ya manjano (brasi), au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Ni ghali. Lakini nimeshabadilisha taa za aluminiamu mara mbili kwenye nyumba moja ndani ya muda ambao za shaba kwa jirani yake hazijaguswa.

Na zile za sola za kuchomeka, zinazouzwa barabarani? Zinapendeza kando ya njia. Kwa mti hazitoshi, ndani zina betri moja ndogo na lumeni chache, halafu fikiria, unaichomeka chini ya mwembe, kivulini, inachaji na nini? Ukitaka sola chukua ile ambayo paneli imetenganishwa na taa kwa waya, paneli ikae juani juu ya paa au kwenye nguzo, taa iende chini ya mti, na jua kwamba Machi mpaka Mei zitawaka muda mfupi.

Gharama ya umeme watu wanaiogopa bure. Zile wati 21 za mwembe, zikiwaka masaa manne kila usiku, mwezi mzima ni yuniti mbili na nusu. Ile flad laiti ya wati 100 ya zamani ilikuwa inawaka usiku kucha, masaa 12, ni yuniti 36 kwa mwezi. Kwa Tanzania mtu aliye kwenye kundi la matumizi madogo, la yuniti 75 kwa mwezi, taa moja hiyo ilikuwa inamla karibu nusu ya mgao wake. Weka taima. Sisi huku karibu na ikweta tuna bahati, jua linazama muda uleule takriban mwaka mzima, tofauti haifiki saa moja, kwa hiyo taima ya kawaida ya kuzungusha inatosha, iwashe saa moja kasorobo, izime saa tano usiku. Baada ya hapo mti ulale, ndege waliolala humo nao walale.

Lakini kabla hujanunua chochote, na hili ningeliandika la kwanza kama ningejua utaishia katikati, chukua tochi. Subiri saa mbili usiku, mtu mmoja akae barazani kwenye kiti chake cha siku zote, mwingine ashike tochi achuchumae chini ya mti. Sogea kulia, sogea nyuma, inua, lala chini. Aliyekaa ndo anaamua. Tochi ya kawaida inakuonyesha mwanga mwembamba, ya simu inakuonyesha mwanga mpana, umeshajua digrii zako bila kununua. Pale panapopendeza chomeka kijiti. Kisha usiridhike na barazani tu, nenda getini, nenda dirisha la chumba cha kulala, ingia kwa jirani kwa hodi uangalie kutoka kwake, kama tochi inaonekana yenyewe inang'aa mahali popote kati ya hapo basi igeuze, au panga kuiwekea kofia, au iwe nyuma ya jiwe au kichaka cha bogonvilia. Taa ikiinama sana kutoka wima ndo inaanza kupiga watu macho, ukibaki ndani ya digrii 35 kutoka wima unakuwa salama mara nyingi.

Na ukiwa na tochi hapo jiulize mti upi. Sio yote. Nyumba yenye miti nane ikimulikwa yote inakuwa kama kituo cha mafuta. Chagua mmoja wa mbele uupe mwanga wa kutosha, na mmoja wa mwisho kabisa wa bustani uupe kidogo sana, mwanga hafifu. Huo wa mwisho unafanya kazi kubwa, bila wenyewe nyuma ya mti wa kwanza ni ukuta mweusi, ukiwepo macho yanasafiri mpaka kule na kiwanja chako kinaongezeka. Katikati paache giza.

Kwa mama wa Mbweni tulifanya hivyo hivyo, yeye kwenye kiti, mjukuu wake na tochi, mimi nachomeka vijiti, ikachukua lisaa limoja kwa sababu mama alikuwa hataki mwanga uguse tawi moja lenye kiota. Tukaweka taa tatu za womu, digrii 36, mbili ndani ya kivuli na moja kwenye shina, na ya nne ndogo kabisa ya wati 3 kwenye mstafeli ulioko kona ya mwisho. Flad laiti ikahamia kwenye geti, inatazama chini. Baada ya miezi minne akanipigia tena, fundi taa zimepungua nguvu. Nikaenda. Kioo kimoja kilikuwa na utando wa buibui na vumbi la kiangazi, kingine kimezibwa na tawi jipya lililoshuka, mwembe ulikuwa umechipua, majani ya shaba yamening'inia kila mahali. Tukafuta vioo kwa kitambaa chenye maji, tukairudisha taa nyuma hatua moja, mama akarudi kwenye kiti chake.